Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu ugonjwa wa akili, mjini na kijijini

Nimeamua kuyaandika sehemu moja maana nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwenye msiba naulizwa, harusini naulizwa, inboksi ndo usiseme. Mengine nimejibu kirefu, mengine kifupi kwa sababu hayana mengi.

Kwanza wewe ni dokta?

Hapana, mi ni mdogo wake mgonjwa. Kaka yangu alianza kuumwa akiwa kidato cha tano na sasa hivi ni miaka 19, tumeishi naye kijijini huko Korogwe na tumeishi naye Mbagala, kwa hiyo pande zote mbili nimeziona. Mambo ya dawa nimeyajulia kliniki, ukikaa kwenye lile benchi miaka yote hiyo unauliza manesi maswali unageuka nusu nesi. Kama we ni dokta na umeona nimekosea sema tu, sinuni.

Ugonjwa wa akili si ndo ukichaa?

Hapa ndo mambo yanapoharibikia. Mtu wetu ukimwambia ugonjwa wa akili picha inayomjia ni yule jamaa wa stendi, nywele zimeshikana, kiroba mgongoni, anaongea peke yake na anaokota jalalani. Huyo yupo kweli na anaumwa kweli, lakini ni wachache. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2019 watu kama milioni 970 duniani walikuwa na tatizo la akili la aina fulani, yaani mtu 1 katika kila 8, sasa we piga hesabu kwenye daladala ya Mbagala saa kumi na mbili asubuhi ilivyoshona humo ndani wamo wangapi, na hakuna hata mmoja aliyebeba kiroba. Wengi wao ni sonona (depresheni, ile huzuni nzito isiyoondoka) na ule wasiwasi uliopitiliza. Skizofrenia, ambayo ndo ya kaka, ile ya kusikia sauti ambazo wengine hamzisikii na kuamini watu wanakufuatilia, inakadiriwa kumpata mtu 1 kwa kila 300.

Sasa sonona huku kwetu haiitwi ugonjwa, inaitwa mawazo. "Ana mawazo huyo, mwacheni." Mama mjamzito hali, halali, analia, ana mawazo. Mzee kastaafu hataki kutoka nje, mawazo. Na mi sioni kama hilo neno ni baya, Wazimbabwe nao wanalo la kwao la Kishona, kufungisisa, maana yake ni hiyohiyo kufikiri sana. Kule dokta mmoja anaitwa Dixon Chibanda mwaka 2006 alianza kuwatumia mabibi, wale wamama watu wazima wahudumu wa afya wa mtaani, wakafundishwa kukaa na mtu kwenye benchi nje ya kliniki na kumsikiliza kwa utaratibu maalumu, tatizo moja moja mpaka wapate la kuanza nalo. Utafiti uliotoka 2016 ulionyesha waliokaa na mabibi nafuu yao ilikuwa kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi na benchi tu, na huku tunao mabibi wa kumwaga.

Ni kweli watu wa mjini wana uelewa kuliko wa kijijini?

Majina wanayajua, hilo nakubali. Dar utamsikia binti wa miaka 20 anasema nina depresheni, mwenzake ana baipola (ile ya kupanda juu kupita kiasi kisha kuzama kwenye huzuni), na ni jambo zuri kwa sababu mtu anayejua jina la kitu anajua pa kwenda kukiulizia. Kijijini kwetu kuna majina mawili, kichaa na karogwa.

Lakini sasa sikilizeni hii. Tulivyomleta kaka Mbagala tulikuwa tumepanga vyumba viwili. Siku ya tatu akaamka usiku anaongea kwa sauti, hakumgusa mtu hakuvunja kitu. Kulipokucha mwenye nyumba akatuita. Mtu msomi, mwalimu, tena akatueleza vizuri kabisa kwamba haya ni maradhi kama presha na sukari, tusimfiche, tusiende kwa waganga, tumuwahishe hospitali. Alafu akatupa mwezi mmoja tuhame. Upande wa pili mjomba wetu kijijini, ambaye mpaka leo ukimuuliza anakwambia ni jirani ndo aliyemroga na jina anakutajia, huyohuyo ndo alimpa kaka jembe na kipande cha shamba, akikaa kwenye msiba anamwita akae karibu yake, na siku kaka ameamka vibaya mjomba anasema "leo mwacheni" na maisha yanaendelea.

Kwa hiyo mi nikiulizwa nasema kujua ugonjwa ni kitu kimoja na kukubali kukaa na mgonjwa ni kitu kingine, na ukimuuliza mtu "unajua chanzo cha ugonjwa wa akili?" bado hujamuuliza "ungempangisha chumba?". Ukitaka kujua mtaa uliuliza hilo la pili.

Kijijini nako msikupambe jamani. Watoto walikuwa wanamfuata na wimbo. Dada yetu posa yake ilirudi nyuma mara mbili na watu hawakuficha sababu. Hospitali yenye dawa ilikuwa mbali, nauli ya kwenda na kurudi watu wawili (maana hawezi kwenda peke yake) unaweza kununulia mahindi ya wiki. Ila nafasi ipo. Mjini mmepanga ukuta kwa ukuta, choo kimoja familia sita, mtu akizungumza na sauti zake usiku nyumba nzima haijalala. Kijijini anaweza kuzurura mchana kutwa na kila anayekutana naye anajua huyu mtoto wa nani, jioni mtu anamgeuza anamrudisha. Mjini akipotea Kariakoo amepotea.

Na hili sio la kwangu peke yangu. Miaka ya mwisho ya 1960 Shirika la Afya Duniani lilianza kufuatilia wagonjwa wa skizofrenia kwenye nchi mbalimbali na wale wa Ibadan kule Nigeria na Agra kule India wakaonekana kuendelea vizuri kuliko wa miji ya nchi tajiri. Wataalamu wanabishana mpaka leo kwa nini na kama kweli, mi simo kwenye ubishi wao, ila nikimwangalia kaka akiwa shamba na nikimkumbuka akiwa chumbani Mbagala siwezi kushangaa. Hukohuko Nigeria mwaka 1954 profesa Lambo alianzisha utaratibu pale Aro, wagonjwa wanapangishwa kwenye nyumba za wanakijiji, ndugu anakuja kukaa nao, matibabu wanafuata hospitali. Sisi pia tulikuwa na vijiji vya wagonjwa wa akili, Hombolo kule Dodoma na Vikuruti huku Dar, mtu anatoka wodini anaenda kulima kwanza kabla hajarudi kwao.

Nani alimroga?

Nimeulizwa hili mara nyingi kuliko yote, na walioniuliza mjini ni wengi kuliko wa kijijini, wa mjini wanauliza kwa kunong'ona tu. Mimi mwenyewe nimeshauliza. Mtoto wa kwanza kufika kidato cha tano kwenye ukoo mzima alafu ndo huyo anaanza kusema redio inamtaja, we ungefikiria nini? Tuliuza ng'ombe wawili. Tulipelekwa kwa mganga wa kwanza akasema ni jini la kutumwa, wa pili akasema mizimu ya upande wa baba haikutambikiwa, tukaandikiwa kombe akanywa, tukaenda kwenye maombi ya mkesha akaombewa mpaka sauti za watu zikakauka. Miaka miwili na nusu. Madokta wanasema skizofrenia ikicheleweshwa bila dawa kurudi inakuwa ngumu zaidi, hiyo ndo bei kamili ya ile safari, ng'ombe tungenunua wengine.

Lakini siwezi kuwatukana waganga wote wala mashehe wala wachungaji. Mganga yuko jirani, anakupokea saa tatu usiku, anakaa chini anakusikiliza habari za ukoo wote, hakuulizi kadi ya bima. Hospitali moja tuliyokwenda tulikaa foleni tangu saa moja, tukaonwa saa tisa kwa dakika nne, na nesi akapiga kelele "wa vichaa wapite huku!" mbele ya watu. Watu wenye akili zao watachagua wapi?

Ninachowaambia ndugu ni hivi, maombi endeleeni, kisomo endeleeni, ila (moja) msiache dozi kwa sababu mtu kasema imani na dawa haviendi pamoja, (mbili) mtu yeyote anayetaka kumpiga, kumfungisha siku kadhaa bila chakula au kumfunga kamba, ondokeni hapo hata kama mmeshalipa, na (tatu) mkipewa mizizi ya kunywa mwambieni dokta, hatawala.

Inaambukiza? Nasikia mate ya mwenye kifafa...

Haiambukizi. Wala mate, wala povu, wala ule ushuzi mnaousemaga. Mtoto akianguka ndani ya moto mnamkimbia kwa sababu ya povu, wangapi tumewaona na makovu? Mvute pembeni, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, kaa naye mpaka itulie.

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo na sio wazimu, ila kwetu wanatibiwa kliniki ileile ya akili ndo maana watu wanachanganya. Kuna sehemu kama Mahenge, Morogoro, kifafa ni kingi mno, na wataalamu wanakihusisha na minyoo ya usubi inayoletwa na vile viinzi vyeusi vinavyouma kando ya mito yenye maji ya kasi. Yaani huku familia zinaoneana vidole za uchawi na kule kuna mdudu wa mtoni. Kwa dunia nzima wanasema hadi watu 7 katika 10 wenye kifafa wangekaa bila kuanguka wakipata dawa sahihi.

Nimepata mchumba, kwao kuna mgonjwa. Nioe?

Kwanza pole kwa kuniuliza mimi, maana watu waliulizana hivihivi kuhusu dada yangu. Jibu: mtu wa kawaida uwezekano wa kupata skizofrenia maishani ni kama 1 kwa 100, mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja anafika kama 10 kwa 100, maana yake 90 hawapati. Hata mapacha wa kufanana kabisa, mmoja akiugua mwingine mara nyingi haugui. Kurithi kupo, laana ya ukoo hakuna. Oa.

Si bangi tu hizo?

Bangi ina sehemu yake na sitaki kuipamba. Kijana anayeanza mapema, anavuta kila siku, hatari yake inapanda, na mgonjwa aliyetulia akirudia kuvuta mara nyingi anavurugika tena. Lakini wanaovuta ni wengi na wanaougua ni wachache, na wapo walioanza kuvuta baada ya sauti kuanza, wanatafuta zikae kimya. Kaka hajawahi kuvuta hata sigara. Shida yangu na hili jibu la bangi ni kwamba watu wanalipenda kwa sababu linawapunguzia mzigo, kajitakia mwenyewe, basi hatudaiwi nauli yake ya kliniki.

Wana hatari? Naogopa kukaa naye.

Wengi hawana, na takwimu za nchi nyingi zinasema mgonjwa ana uwezekano mkubwa wa kufanyiwa ukatili kuliko kuufanya. Sisi tusiopenda takwimu tuangalie tu mtaani. Yule dada anayezunguka sokoni bila viatu, mbona kila baada ya miaka miwili ana mimba? Baba wa hao watoto ni nani, ni mgonjwa mwenzake? Ni watu wazima wenye akili timamu na familia zao na asubuhi wanapita wanamcheka. Na mjini mgonjwa akiingia ua wa watu usiku kwa kuchanganyikiwa anaitiwa mwizi, na mkishaitiwa mwizi mnajua kinachofuata, hakuna anayesubiri maelezo.

Kuna siku za hatari, sikatai, hasa akiwa amelewa au ameacha dawa na anaamini wewe ndo unayetaka kumuua. Siku hizo usibishane naye habari za sauti, usimzunguke watu kumi, ongea polepole, ondoa panga na mchi, tafuta mtu mmoja anayemwamini. Kwetu alikuwa mjomba. Ndiyo, yuleyule wa uchawi.

Kumfunga kamba au mnyororo ni kosa?

Ni kumtesa, ndio. Human Rights Watch mwaka 2020 walisema watu wanafungwa hivyo kwenye nchi kama 60, kwa hiyo sio ushamba wa Korogwe.

Lakini nataka wa mjini waelewe kamba inatokea wapi maana picha zikisambaa mnaandika "wanyama hawa". Sisi tulimfunga. Siku 11. Ilikuwa msimu wa kuvuna, baba ameshafariki, mama peke yake, dawa zimeisha zahanati na kule hospitali wanasema njooni wiki ijayo, kaka ameshatoka usiku mara mbili kuelekea barabara ya malori. Mama alimfunga mguu kwa kamba ya katani kwenye nguzo ya jiko, akaifunga kitambaa ndani isimchune, akawa analala palepale chini pembeni yake. Siku dawa zilipopatikana akafunguliwa, hakuna aliyetuhubiria. Ukitaka kamba zifunguliwe peleka dawa zahanati zisiishe, hotuba utakuja kutoa baadaye.

Tuanzie wapi?

Zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, mkachukue rufaa. Hospitali za wilaya na mkoa nyingi zina siku za kliniki ya akili, ulizieni siku gani msije mkala nauli bure. Ikishindikana kuna Muhimbili, kuna Lutindi huko kwetu milimani Usambara, kuna Mirembe Dodoma, wa Zanzibar wana Kidongo Chekundu, na Wakenya Mathari pale Nairobi. Mirembe ipo tangu 1927 na sisi tumeigeuza tusi, "huyu wa Milembe", mpaka mtu akiandikiwa rufaa ya kule anaona amehukumiwa. Ni hospitali, watu wanalazwa wanatoka. Madaktari bingwa wa akili nchi nzima ni makumi tu kwa watu zaidi ya milioni 61 tuliohesabiwa 2022, kwa hiyo mara nyingi mtaonwa na nesi wa afya ya akili au klinikali ofisa, na wengi wao wanajua kazi.

Kwa sera, hospitali za serikali matibabu ya akili yanatakiwa yawe bure. Tatizo la bure ni kwamba siku nyingine bure haipo, unaandikiwa ukanunue duka la dawa. Wekeni akiba ya mwezi mmoja kama mnaweza.

Dawa zinamfanya anakuwa kama gogo. Tuache?

Msiache ghafla, nendeni mkaseme. Ukimkuta amekakamaa, mikono inatetemeka, mate yanamtoka, hiyo mara nyingi ni haloperidol au sindano ya mwezi, na ipo dawa ya kutuliza hayo (benzhexol, wengi wanaiita atani), au dozi inapunguzwa. Klopromazini, ile ya siku nyingi inaitwa lagaktili, inafanya ngozi iungue na jua, sasa mkulima unampa hiyo alafu asubuhi anaenda kulima bila kofia na mikono mirefu, hakuna aliyetuambia mpaka mgongo ulipobabuka. Na dawa nyingi zinatia njaa. Njaa ya kweli, anakula sahani tatu. Kwenye nyumba ambayo unga unapimwa kwa kikombe hilo ni tatizo kubwa, nimeshamwona mgonjwa kliniki anasema ameacha dawa kwa sababu akinywa anaona aibu kuomba chakula.

Mpaka lini? Wengine miaka michache, wengine maisha, kama presha. Akisema "nimepona siitaki tena" furahini naye lakini mrudini kliniki kwanza.

Anasema amechoka kuishi. Nikimuuliza si nitamtia wazo?

Humtii. Muulize wazi, "unafikiria kujiua?", msikilize bila kumkemea, ondoa dawa na sumu za shamba ndani, usimwache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Watu wanaogopa kwenda kwa sababu huku Tanzania sheria bado inasema kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na katiba yao. Sisi bado. Lakini nendeni hospitali, mtu hai ndo anayeweza kujitetea.

Tuache kutumia maneno gani?

Dishi limeyumba, fyuzi imekata, chizi, mwehu, wa Milembe. Mi mwenyewe la dishi huwa linanichekesha na kaka analitumia kujitania, ila anayelitumia ni yeye. Mwite jina lake tu, analo.

Kaka yako yukoje sasa?

Yupo kijijini, analima nyanya, sindano kila mwezi, sauti hazijaisha zote ila anasema siku hizi zinaongea kwa mbali kama redio ya jirani. Juzi kapiga simu anataka hela ya dawa ya kunyunyizia, nikamwambia mwezi haujaisha, akasema nyanya hazijui tarehe ya mshahara wako. Nimemtumia nusu.